Turbo ya Mtumba Bila Video, Usilipe

Matangazo ya vipuri vya mtumba vya magari ya mbio yanafanana: picha moja ya mbali, kipuri kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na maneno mawili, "hali nzuri". Tangazo la namna hiyo halistahili pesa ya mtu, hata muuzaji awe mkweli kiasi gani. Tena anayeumia ni yeye mwenye kipuri kizima, maana mnunuzi asiyeonyeshwa kipimo atampa bei ya kipuri kibovu.

Turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, ndiyo inayoliza wengi. Omba video. Muuzaji ashike ncha ya shafti upande wa kompresa (unaovuta hewa safi), aisukume ndani na kuivuta nje. Hapo isisikike ikicheza mkononi. Kisha aitikise pembeni. Huku ikicheza kidogo si ubovu, kwa sababu kwenye turbo nyingi shafti huelea juu ya oili, na turbo iliyolala mezani haina presha ya oili. Ubovu ni mapanga kugusa ganda. Video iwe ya karibu kiasi cha kuona ncha za mapanga: zikiwa na mapengo, turbo imemeza mchanga au nati. Halafu uliza ilitolewa kwa nini. Kagua na gari lako pia: ikiwa turbo yako ya zamani ilikufa kwa kukosa oili na bomba dogo la kuipelekea oili bado limeziba, hii unayoinunua itakufa vilevile, na muuzaji atalaumiwa bila kosa.

Rimu zina hesabu yake. 5x112 (bolti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112) na 5x114.3 zinakaribiana machoni, lakini kipenyo cha duara la bolti kimetofautiana milimita 2.3, na anayelazimisha anapinda bolti mpaka nati zinalegea njiani. Soma pia ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari: rimu ya ET30 yenye upana uleule na ya ET45 hutoka nje milimita 15 zaidi. Tundu la katikati likiwa dogo kuliko habu (kitovu ambapo rimu hufungwa), rimu haiingii. Likiwa kubwa, tafuta ringi za kujazia. Dai picha ya upande wa ndani, kwani ndiko nyufa na alama za kuchomelewa hujificha.

Diski za breki zimeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, mara nyingi kwenye ukingo au karibu na habu, kwa herufi MIN TH. Wauzaji wengi hupima vibaya bila kukusudia. Meno ya vernia, kifaa cha kupimia unene, hukalia ule mdomo wa kutu pembeni, ambao pedi haziufikii, na diski iliyoisha inasomeka nene. Weka sarafu moja kila upande wa diski, ndani ya ule mdomo, pima zote pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Kipimo hicho, pamoja na picha ya maandishi ya MIN TH, kinatosha kuuza diski bila maelezo marefu.

Kwenye shokapu za kurekebisha urefu, tazama oili juu ya shafti, na taka video ringi za kurekebishia zikizunguka. Zikishikwa na kutu, umenunua urefu mmoja tu.

Mikanda ya usalama ya mashindano iliyotumika siinunui, wala sishauri mtu aiuze. Yenye lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, imeandikwa mwaka wa mwisho wa matumizi, na hata kabla ya mwaka huo, mkanda uliovutwa kwenye ajali huwezi kuutambua kwa macho.

Kuhusu malipo, kataa kutuma pesa kama zawadi kwa rafiki. Kwenye PayPal, njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

Muuzaji naye asiharibu mwishoni. Mwaga oili yote, ziba matundu ya turbo kwa vifuniko (matambara huacha nyuzi, na nyuzi huingia kwenye beringi), andika namba ya kipuri kwenye karatasi na uipige picha pamoja na kipuri kabla hujafunga. Diski zitenganishe kwa kadibodi, kisha tumia maboksi mawili, moja ndani ya jingine.