Rush walivyofupisha nyimbo bila kuzirahisisha

Mabishano ya mashabiki wa bendi ya roki ya Rush kuhusu albamu yake bora hayaishi. Kuna wanaoapa kwa 2112 ya mwaka 1976, yenye utungo wa dakika 20 uliomeza upande mzima wa santuri. Kuna wasiosikia la mtu mbele ya Moving Pictures ya Februari 1981. Mimi niko kambi ya pili, na si kwa sababu ya umaarufu wa wimbo wake "Tom Sawyer". Ndani ya dakika kama 40 na nyimbo saba, Wakanada hawa watatu wamepita kwenye roki nzito, roki ya progresivu (ile ya nyimbo ndefu zenye mageuzi mengi), vinanda vya umeme na hata rege, na husikii kiraka.

Geddy Lee anaimba, anapiga besi na vinanda. Alex Lifeson yuko kwenye gitaa. Neil Peart, aliyefariki Januari 2020, ndiye mpiga dramu na mtunzi mkuu wa mashairi. Walikuwa wamejijengea jina kwa nyimbo ndefu zenye mageuzi kila kukicha. Urefu peke yake haunishtui. Sisi wa dansi la zamani tumezoea santuri ndogo zilizokata wimbo mmoja vipande viwili, utamu wenyewe ukikusubiri upande wa pili. Ninachowavulia kofia ni kwamba hapa walibana muda wakauacha ugumu palepale.

Sikiliza "YYZ", usio na maneno. Jina hilo ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mdundo wa mwanzo unazipiga herufi zake kama zinavyotumwa kwa simu ya maandishi ya Morse: ndefu, fupi, ndefu, ndefu, tena hivyohivyo, kisha ndefu, ndefu, fupi, fupi. Hesabu ndefu kuwa mbili na fupi kuwa moja, utapata vipande vidogo 20; kila vinne ni pigo kuu moja, yaani mapigo makuu matano mahali ambapo sikio linangoja manne. Ndiyo maana mguu unaojaribu kufuata unapotea. Halafu besi na dramu zinaanza kujibizana, na ule ujanja wa hesabu unageuka burudani. Hapo ndipo bendi nyingi za aina hii zinaposhindwa: hesabu unaisikia, muziki huupati.

"Tom Sawyer" nao una mtego wake. Unaanza kwa mngurumo wa kinanda na mdundo wa kawaida, kisha katikati, kwenye sehemu ya ala tupu, hesabu inahamia mapigo saba badala ya manne. Redio ziliupiga hivyohivyo, na wasikilizaji waliimba bila kujua walichovushwa. "Limelight" ni roki iliyonyooka zaidi, juu ya mtu anayebanwa na umaarufu, na solo ya Lifeson humo inalia kuliko kitu kingine chochote alichorekodi. Hilo nitalibishania mpaka usiku.

Sisifii kila kitu. "The Camera Eye", unaozungukia New York na London kwa karibu dakika 11, unachelewa kuamka. Vinanda vya mwanzo vinajitanua mno. Ulikuwa wimbo wao wa mwisho kuvuka dakika 10 katika albamu za studio, na sioni kama walipoteza kitu. "Witch Hunt" ni mzito, wa kutisha kidogo, na unafanya kazi yake.

Wimbo unaorukwa na wengi ni wa mwisho, "Vital Signs", na kwangu ndio wa kijasiri kuliko yote. Gitaa linakata kwa mkato wa rege, kinanda kinakimbia chini yake kama mashine, na Peart anakataa kuiga mpigo wa rege wa Kingston, Jamaika; anapiga kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, katika "The Spirit of Radio", rege ilikuwa imepita kwa sekunde chache tu kama mgeni wa mlangoni. Hapa imepewa kiti. Njia hiyo waliifuata kwenye Signals ya 1982, ila huko vinanda vilipewa nafasi kubwa kiasi cha kumsukuma Lifeson pembeni, na mizani ile ya 1981 hawakuirudia tena.