Mnara uliojengwa kwa jirani

Kati ya Uswidi na Ufini, katika Bahari ya Baltiki, kuna kisiwa cha mwamba mtupu kiitwacho Märket. Urefu wake ni kama mita 350. Mpaka wa nchi hizo mbili unapita juu yake tangu 1809, Urusi ilipoinyang'anya Uswidi nchi nzima ya Ufini. Mwaka 1885, Ufini ikiwa bado chini ya Urusi, pakajengwa mnara wa taa wa kuongozea meli. Wajenzi walitafuta pahala palipoinuka, mbali na mawimbi, na pahala hapo palikuwa upande wa Uswidi. Mnara wa Ufini ukasimama ugenini miaka mia moja.

Mwaka 1985 wapima wakauchora mpaka upya. Waliupinda kama herufi S iliyogeuzwa: ukauzunguka mnara ili uingie Ufini, kisha ukajirudi ili Uswidi ifidiwe ardhi sawasawa na ile iliyotoa. Pale mpaka unapokutana na maji hapakuguswa, maana wavuvi wa pande zote mbili walikuwa na haki zao baharini. Alama zake ni matundu yaliyotobolewa kwenye jiwe, kwa sababu nguzo ingesombwa na barafu.

Watu huisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi kila nikiitazama ramani ile nawaona watu waliokaa kitako wakamfikiria hadi mvuvi. Na naamini wasingeweza kupatana hivyo juu ya mwamba huu kama babu zao wasingepatana, kwa uchungu, juu ya visiwa vilivyo jirani yake: Åland.

Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Watu wa Åland, ambao lugha yao ni Kiswidi, walishaanza kuomba warudi Uswidi, na zaidi ya 7,000 kati yao walitia saini ombi hilo. Uswidi iliwataka. Ufini ikakataa katakata, ikawapa sheria ya kujitawala mwaka 1920, nao wakaikataa. Viongozi wao wawili, Julius Sundblom na Carl Björkman, wakakamatwa na serikali ya Ufini kwa kosa la uhaini. Hapo ndipo ndugu huanza kuitana maadui.

Kesi ikapelekwa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Juni 1921 Baraza lake likaamua: Åland ni ya Ufini. Lakini mshindi naye akabebeshwa mzigo. Ufini ilipaswa kukilinda Kiswidi shuleni, kuilinda ardhi isitoke mikononi mwa wenyeji, na kuviacha visiwa bila jeshi wala ngome, kama ilivyokubaliwa mwaka 1856 baada ya Vita vya Crimea. Mjumbe wa Uswidi, Hjalmar Branting, alipinga, kisha nchi yake ikautii uamuzi.

Wengi humsifu msuluhishi. Mimi namsifu zaidi aliyeshindwa akakubali, na hata zaidi yake yule aliyeshinda akatimiza ahadi mwaka baada ya mwaka, wakati hapakuwa tena na mtu wa kumlazimisha. Shirikisho lile lilikufa. Ahadi haikufa nalo. Bunge la Åland lilipokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1922, spika wake alikuwa Sundblom, na mkuu wa serikali ya visiwa akawa Björkman. Ndio wale wale waliokamatwa kwa uhaini. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Ni serikali ngapi duniani zingekubali?

Niliwahi kupanda meli kutoka Helsinki kwenda Stockholm. Alfajiri tukafunga gati Mariehamn, mji mkuu wa Åland, kwa muda mfupi tu. Visiwa hivyo viliachwa nje ya mfumo wa kodi wa Umoja wa Ulaya Ufini ilipojiunga mwaka 1995, na meli ikipitia pale huruhusiwa kuuza bidhaa bila ushuru. Mama mmoja aliyepandia hapo alikaa karibu nami, tukazungumza. Alinionyesha pasipoti yake: ya Ufini, na kwenye jalada pameandikwa pia Åland. Kifini, aliniambia, hajui zaidi ya salamu. Alisema hivyo bila hasira na bila kujitetea, kama mtu anayekueleza nyumbani kwao ni wapi.

Sasa Ufini imo NATO tangu Aprili 2023 na Uswidi tangu Machi 2024, na zimeanza kusikika sauti zinazosema wakati wa visiwa visivyo na jeshi umekwisha. Naielewa hofu yao; Urusi ya leo inatisha, na bado ina ubalozi mdogo hapo hapo Mariehamn, uliowekwa kwa mkataba wa 1940 na Wasovieti ili kuangalia kwamba hakuna ngome inayojengwa. Ubalozi huo ukifungwa mimi sitasikitika hata kidogo.

Lakini mkataba wa 1921 wa kuviacha visiwa bila jeshi ni kitu kingine. Uswidi na Ufini zote mbili zimo, Urusi haimo, na ndani yake Ufini inaruhusiwa kuvilinda visiwa endapo vitashambuliwa. Anayetaka kuuondoa aende kwanza Mariehamn, akae na watu wa visiwa, awaulize wanataka nini. Mwaka 1917 walisema bila kuulizwa, na ikachukua karibu miaka minne kuwasikiliza.