Tabasamu Halizuii Ubao

Jumapili moja ya bamvua, siku za maji makubwa, mwezi wa nane, saa kumi alasiri. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule ambao sote tunauita Pirates, umejaa mpaka mchanga hauonekani. Watoto wanaelea kwenye mipira ya tairi ya kukodi, kina mama wamesimama kwenye maji ya magoti na mabuibui wameyakunja mkononi. Katikati yao kijana mmoja anapanda mawimbi kwa ubao. Ubao unamponyoka, unapita kama hatua mbili kutoka kwa mtoto. Mama wa mtoto anamwambia, "We mwanangu, huoni watoto hapa?" Naye kwa uso wa bashasha: "Samahani mama, sirudii tena." Dakika tano hazijaisha, yuko palepale, ubao unapita tena, na bashasha ni ileile.

Kuhusu adabu ya mchezo huu penye watu wengi kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema bahari haina mwenyewe: tusalimiane, tucheke, tupishane, mambo yatajipa. Ya pili inataka kanuni zijulikane, na anayezivunja aambiwe. Zamani nilikuwa wa kambi ya kwanza. Siku hizi naegemea ya pili, ingawa si kwa kanuni zake zote.

Kanuni kuu ni fupi. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Ukiinuka mbele yake umemdandia. Kumzunguka mwenzio ili ujifanye ndiwe uliyetangulia ni kuruka foleni, na aliyewahi kuvuka kwa feri ya Likoni jioni watu wakitoka kazini anajua damu inavyochemka mtu akiruka foleni. Anayerudi upande wa bahari kuu kungojea wimbi jingine apite pembeni, asimkatie njia anayeshuka. Hata mchezo huu ulipoingia Olimpiki, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, waamuzi waliangalia nani ana haki ya wimbi, na kumwingilia mwenzio kulikuwa na adhabu.

Lakini kanuni hiyo imekomaa kwenye fuo ambako wimbi linaanzia mahali pamoja, linakimbia mbali, na wanaolingojea wote wanajua wanachofanya. Kwetu sivyo. Mwamba wa matumbawe umejipanga mbali na ufuo, na ndio unaovunja nguvu za bahari. Maji yakipwa, mawimbi yanaishia hukohuko mwambani. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua ambapo tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, wimbi linaloletwa na upepo wa kusi linavuka juu ya mwamba na kutufikia mchangani.

Sasa angalia saa. Bamvua ya Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa kumi alasiri ni wakati jua limeanza kupoa na familia zinashuka kwenye matatu na vikapu vyao vya viazi karai. Nani ataoga maji yakiwa yamekupwa, akanyage mwani na mawe? Kwa hiyo maji yanayomletea kijana wetu wimbi ndiyo hayohayo yanayowaleta waogaji, saa ileile, mahali palepale. Msongamano wetu si wa wapanda mawimbi wanaogombea zamu. Ni wa mbao tatu nne ndani ya mamia ya watu ambao hawajui, wala hawana sababu ya kujua, wimbi ni la nani.

Ndiyo maana mimi sihangaiki sana na nani alitangulia. Kinachonihangaisha ni ubao wenyewe. Kamba inayofunga ubao mguuni, iliyoenea kwenye mchezo huu miaka ya 1970, inamsaidia mwenye ubao asiupoteze. Haimsaidii aliye jirani. Kamba ya mita 2 ukiiunganisha na ubao wa mita 2 unapata mduara wa hatari wa mita 4 kila upande, na chini ya ubao kuna mapezi magumu. Asiyeweza kuushika ubao wake ndani ya povu hana ruhusa ya kuwa kwenye watu, hata awe mcheshi namna gani. Hapo sioni cha kujadili.

Kambi ya kwanza nayo ina hoja, na hoja yake nzuri kuliko zote ni hii: kanuni mikononi mwa wengine hugeuka rungu. Kule Lunada Bay, California, wenyeji waliowafukuza wageni kwenye wimbi "lao" walifikishwa mahakamani. Sitaki kuona hayo Nyali. Mwenyeji wa Pwani akifika barazani hutoa salamu kwanza ndipo atafute pa kukaa, na sioni kwa nini baharini iwe vingine. Ukishamsalimu mtu, hata ukimkosoa baadaye anakusikia.

Ila kuna jambo ambalo wahubiri wa uchangamfu hulipita haraka. Ufuoni kwetu tabasamu ni kazi. Bichi boi anachekea watu tangu asubuhi kwa sababu asipocheka hatauza safari ya mashua wala kukodisha ubao. Mgeni akimdandia wimbi lake, kisha akaambiwa "changamka, ndugu, bahari ni ya wote," anaombwa acheke bure baada ya kucheka siku nzima kwa malipo. Hapo kanuni ndiyo inayomtetea mnyonge, kwa sababu haijali nani ana pesa. Na huyohuyo bichi boi, akimkodisha mwanagenzi ubao bila kumweleza chochote kisha akamsukuma kwenye waogaji, uchangamfu wake ni wa kibiashara tu.

Nirudi kwa kijana wa Jumapili ile. Aliyemaliza mambo alikuwa mzee mmoja mwenye mashua. Alimngoja atoke na ubao wake, akamwamkua, akamuuliza kwao ni wapi na kama amekula. Kisha akamwonyesha kwa kidole, upande wa Shanzu, kama hatua mia kutoka pale: "Pale hakuna watoto. Hapa leo basi." Hakupandisha sauti, lakini pia hakuacha nafasi ya majadiliano.

Kijana akaenda. Wimbi la kule lilikuwa hafifu, likimfikia limeshakufa, na nilipomtazama mara ya mwisho alikuwa amekaa juu ya ubao peke yake akingoja, uso umemkauka.