Fomu Zile Zile, Hukumu Mbili

Agosti 16, 2022, siku moja baada ya William Ruto kutangazwa mshindi wa urais wa Kenya, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, IEBC, walijitokeza kueleza kwa nini wameyakataa matokeo ya mwenyekiti wao. Hoja yao moja ilikuwa ya hesabu. Asilimia za wagombea wote wanne, walisema, zikijumlishwa zinafika 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Toa simu upige hesabu mwenyewe. Kura halali zilikuwa milioni 14.2 na ushei. Asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,420 hivi, wala si 142,000. Na hata hizo 1,420 hazikuwa kura za mtu yeyote. Ruto alipewa 50.49, Raila Odinga 48.85, Wajackoyah 0.44 na Mwaure 0.23, desimali zote nne zilikuwa zimesogezwa juu kidogo ili zibaki tarakimu mbili, basi jumla ikapitiliza.

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Hata hivyo watu wenye shahada zao waliisambaza ile 142,000 kama ilivyo, na wengi wao walikuwa wa upande wa Raila. Wa upande wa Ruto ndio waliokimbilia kikokotoo. Sidhani kwamba hawa wanajua hesabu kuliko wale. Walikuwa na sababu ya kukagua, basi. Mtu akiletewa habari inayompendeza huuliza, “Je, naweza kuiamini?” Ikimchoma, huuliza, “Je, ni lazima niiamini?” Maswali hayo mawili hayahitaji ushahidi wa kiasi kimoja.

Rudi nyuma miaka mitano uone viti vilivyobadilishwa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa kumshinda Raila kwa kura zaidi ya milioni 1.4. Ruto wakati huo alikuwa naibu wake. Siku hiyo hiyo Uhuru akawaita majaji “wakora”, huku wafuasi wa Raila wakiimba sifa za mahakama. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliidhinisha ushindi wa Ruto kwa kauli moja, majaji saba kwa saba, na waimbaji wakabadilishana nyimbo. Watatu kati ya majaji wanne waliofuta uchaguzi wa 2017, yaani Mwilu, Wanjala na Lenaola, walikuwemo pia 2022. Anayesema walinunuliwa mara moja tu, ile iliyomuumiza yeye, ana kazi ya kueleza.

Wakenya hawako peke yao. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi, wanaounga mkono hukumu ya kifo na wanaoipinga, muhtasari wa tafiti mbili zinazopingana. Kila kundi liliona kasoro katika utafiti usiolifaa, na wengi walitoka wakisema msimamo wao umekuwa mkali zaidi.

Lakini kuna upande mwingine, nao una uzito kuliko wasomi wanavyopenda kukubali. Kumbukumbu nayo ni ushahidi. Baada ya uchaguzi wa 2007, mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alikiri mwenyewe kwamba hajui kama Mwai Kibaki, aliyetangazwa mshindi, alishinda kweli, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2017 mahakama iliagiza seva za tume, yaani kompyuta zilizohifadhi matokeo, zifunguliwe, tume haikutii kikamilifu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na aliyeyaona hayo yote akisikia “mfumo uko salama” ana haki ya kuinua nyusi. Kumwita mpumbavu au mkabila ni uvivu.

Ila historia inakupa sababu ya kukagua tu, haikupi jibu. Na 2022 kulikuwa na cha kukagua: Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, zilizosainiwa vituoni, zikapigwa picha na kuwekwa wazi mtandaoni kila mtu azijumlishe. Mahakama ililinganisha sampuli ya fomu za karatasi na zile za mtandaoni, haikuona tofauti ya maana. Hapo ndipo, kwangu mimi, mizani inapoinama. Anayeshikilia kwamba kura za urais za 2022 ziliibwa anadaiwa kituo kipi, fomu ipi, tarakimu ipi. Naye aliyeishangilia hukumu ile, huku bado akiamini ile ya 2017 ilikuwa uonevu, anadaiwa maelezo: kama hesabu ilikuwa safi, seva hazikufunguliwa kwa nini?