Usiniwashie Injini, Nionyeshe Chini ya Milango

Kwetu mtu akienda kuangalia gari kuukuu, swali lake la kwanza ni "linawaka?" Sijui nani alitufundisha hivyo. Tangu nipatwe na ugonjwa huu wa magari ya zamani nimekagua zaidi ya kumi, na karibu kila dalali hunipokea na ufunguo mkononi, betri ya kuazima imeshafungwa, ananisubiri nifike tu aliwashe. Injini ikinguruma, anakunja mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi ninamwomba azime.

Mwaka jana, ndani ya mwezi mmoja, niliitwa kuangalia Mercedes mbili. Zote 450 SE, zote za umbo la W116 lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1972 na kuishia 1980. Wenye umri wangu mnalikumbuka: boneti pana, taa kubwa za mlalo, na nyuma amekaa mkurugenzi wa shirika la umma anasoma gazeti. Neno "Wabenzi" halikuzaliwa kwa ajili ya Volkswagen.

La kwanza lilikuwa Kinondoni. Jeusi, limepigwa rangi juzi tu, linang'aa hadi unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Rimu mpya, siti zimeshonwa upya kwa reksini nyekundu. Bei milioni 19. La pili lilikuwa Dodoma, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Tairi zote nne zimekaa chini, vumbi jekundu limeganda kwenye vioo, rangi ya pembe ya ndovu imefifia kwenye paa. Halijawashwa miaka kumi na moja. Bei milioni 8.

Fundi wangu, ambaye namheshimu sana, hadi leo anasema nilitakiwa kuchukua jeusi bila kufikiri mara mbili. Mimi nasema jeusi lile nisingelichukua hata kwa bei ya lile la vumbi.

Nikikagua gari huwa natembea na sumaku ndogo, ya kubandika kwenye friji, nimeivisha kitambaa ili isikwaruze. Ikikuta bati inashika. Ikikuta puti, ule udongo wa kuzibia matundu na mabonde ya bati kabla ya rangi, haishiki. Kwenye gari jeusi ilishika paa, ikashika boneti, nikaanza kuona aibu kwa dhana zangu mbaya. Nikaishusha chini ya milango. Ikadondoka kama embe bovu. Upande wa pili, ikadondoka tena. Juu ya matairi ya nyuma, vilevile.

Puti yenyewe si dhambi. Gari la miaka 45 kuwa na puti kidogo ni kawaida. Shida ni mahali ilipo. W116 halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo mifupa, na bati lile la chini ya milango ndilo linaloshikilia mbele na nyuma zisiagane. Hapo ndipo yalipo matundu ya jeki. Ukiingiza jeki ukasikia bati linalia kama karatasi ya biskuti, simama hapohapo. Muuzaji wa Kinondoni alikataa nisiingize jeki. Akasema nitaharibu rangi.

Halafu nikafungua boneti. Nikakuta injini ya Toyota.

Sitaki kumcheka yule bwana, maana hoja yake ina mashiko. Alisema, "Kaka, hii ndiyo raha yake. Spea ziko Kariakoo kila duka." Kweli. Kama unataka gari la kupelekea bibi harusi kanisani Jumamosi na kurudi salama, amefanya la maana. Lakini sasa unanunua nini kwa milioni 19? Ganda la Mercedes, moyo wa gari jingine, na mifupa ya puti. Hata rangi ilinishtaki: kile kibati cha mbele karibu na rejeta kiliandika 904, ambayo kwa Mercedes ni bluu ya giza. Jeusi lile lilikuwa bluu. Mtu alilibadili, na kila alichobadili alichagua kilicho rahisi.

Nisiache kusema jambo la bahari. Dar, Tanga na Unguja chumvi inakula bati usiku na mchana, na gari lililoishi huku hata likitunzwa vipi lina siri chini ya mazulia. Dodoma ni kavu. Vumbi lake linaudhi lakini halili chuma. Ndiyo maana nilipoambiwa kuna 450 SE imelala Dodoma tangu mwenye nalo astaafu, nilikata tiketi ya SGR siku ileile.

Aliyenipokea ni binti wa marehemu mwenye gari, mama wa makamo. Baada ya salamu akaniambia kitu kimoja kilichonifurahisha kuliko ufunguo wowote: "Baba alikuwa hataki mtu aliguse." Kwa mnunuzi wa gari kuukuu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Gari lililosahauliwa limeharibika kwa njia zinazojulikana: mipira imekauka, tairi zimekufa, petroli imegeuka gundi kwenye tangi, breki zimeshika. Gari lililotengenezwa na watu watano wenye haraka limeharibika kwa njia ambazo utazigundua moja baada ya nyingine, barabarani, usiku.

Sumaku yangu ilishika kila mahali isipokuwa pembe moja ya nyuma, palipogongwa zamani. Nikainua zulia la mbele: bati lina vumbi, halina kutu. Nikafungua buti, nikatoa tairi la akiba, nikaangalia lile bakuli linamokaa. Maji yakivuja kutoka kwenye mpira wa kioo cha nyuma hutuama hapo, na hapo ndipo W116 nyingi huozea kimyakimya. Kulikuwa na kutu ya juujuu, ya kusugua kwa brashi. Nikachukua bisibisi nikadunga. Haikupita.

Siti ni zilezile za kiwandani, za kitambaa laini, upande wa dereva umelika kidogo. Raba za pedali zimelika kiasi kinacholingana na kilomita zilizosomeka. Nikeli za madirisha zote zipo. Watu hudharau vitu hivi vidogo wakikimbilia injini, na ndivyo vinavyofilisi. Injini unaweza kushusha, ukafunga pistoni mpya, maisha yakaendelea. Kipande cha nikeli cha mlango wa nyuma kulia kilichopotea kitakutafutisha miezi sita, na kitambaa cha siti cha mwaka 1977 fundi wa Magomeni hawezi kukifuma.

Binti akauliza, "Nimwite kijana aje na betri tuliwashe?" Nikasema hapana, tafadhali. Injini ya 450 ni V8 ya cc 4,520, na cheni yake ya taiming, ile inayopanga valvu zifunguke kwa wakati wake, ni ndefu, inapita juu ya vipande vya plastiki. Plastiki hiyo ikipikwa na joto miaka arobaini inakuwa kama biskuti. Kipande kikivunjika cheni inaruka, valvu zinagonga pistoni, na hapo umegeuza gari la milioni 8 kuwa vyuma chakavu mbele ya mwenyewe. Mfumo wa petroli nao, ile K-Jetronic ya Bosch, hauna kompyuta. Ni vyuma vilivyokatwa kwa ufundi wa saa, na petroli iliyoganda inavikwamisha. Tulitoa plagi, tukadondosha oili kidogo kwenye kila silinda, tukanywa chai, kisha nikazungusha injini kwa spana kutoka mbele. Ikazunguka. Nzito, lakini ikazunguka. Hiyo ilinitosha.

Sasa hesabu, maana watu hupenda kujidanganya hapa. W116 zilitengenezwa 473,035. Si gari adimu. Adimu ni ile ya injini ya lita 6.9, ambayo ilitoka 7,380 tu, na bei yake Ulaya ni habari nyingine. Hii 450 ya kawaida ukiichukua imeoza ukairudisha yote, bodi, rangi, siti, injini, utatumia pesa nyingi kuliko thamani ya gari lililokamilika. Hilo ni kweli Stuttgart na ni kweli Dar. Kwa hiyo gari pekee la aina hii lenye maana kununua ni lile linalohitaji kuamshwa, si kujengwa. Wingi wake una faida moja: spea za mitambo bado zinapatikana Ujerumani, na nyingi zinaingiliana na magari mengine ya kampuni hiyo ya miaka ileile. Utalipa, na utalipa na ushuru juu yake, lakini utapata.

Milioni 8 hiyo, kwa makisio yangu, itazaa nyingine 12 kabla gari halijavuka Morogoro kwa nguvu zake. Fundi wangu akisikia hivyo anacheka: basi si ungechukua jeusi, ubaki na chenji ya milioni moja? Hapo hatuelewani na sidhani tutaelewana.

Kilichonikwamisha si bati wala cheni. Namba ya chesisi ilianza na 116032, ambayo ndiyo 450 SE, ikafuatiwa na 22, yaani usukani wa kulia na giaboksi ya otomatiki. Ikalingana na kadi herufi kwa herufi. Ila kadi ina jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Binti ana kaka watatu, mmoja yuko Mwanza. Nimekwishaona watu wakilipa kwa kuandikishana kwenye daftari, halafu ndugu wa nne anatokea gari likishapakwa rangi. Nikamwambia mama yule kwa heshima zote kwamba pesa ipo, lakini kwanza waende mahakamani wapate msimamizi wa mirathi. Hakukasirika. Alisema hata baba yake angesema hivyo.

Sasa ni miezi saba. Kikao cha ukoo kimefanyika, muhtasari umeandikwa, tangazo limebandikwa. Nimerudi Dodoma mara mbili kusalimia, na mara ya mwisho nilibeba turubai nikalifunika, kwa sababu ndege wa mwarobaini ule hawana adabu.

Wiki iliyopita mke wangu alifagia chini ya kitanda akakuta mipira miwili ya milango, mipya, ndani ya nailoni yake. Akauliza ni ya gari gani. Nikamwambia la Dodoma.

"Kwani umeshalinunua?"

Nikamwambia bado.