Mtu wa Mbeya anatafuta nini X?

Aprili 2025, Malawi ilipokuwa imezuia ndizi, mchele na mahindi ya Tanzania kuingia kwake na wafanyabiashara wa mpaka wa Kasumulu wakihesabu hasara, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alijibu kwa njia ambayo wakulima wengi wa ndizi wa Rungwe hawaitumii. Aliandika X, mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter. Alizitahadharisha Malawi na Afrika Kusini kwamba zisipofungua milango, nasi tutafunga wa kwetu. Marufuku ikaja, mazungumzo yakafanyika, na haikuchukua muda marufuku ikaondolewa. Kabla Mei haijaisha, X yenyewe ikawa haifunguki nchini bila VPN, ile programu ya kuzunguka kizuizi cha mtandao.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, ule ubishi wa vijiweni, Mwanjelwa hadi Kabwe, unakuwa mgumu kuliko unavyosikika. Kuna wanaosema X ni ya watu wasio na kazi, wanaogombana na wasiowajua huku bando likiyeyuka. Kuna wanaosema usipokuwepo kule, mambo yako yanaamuliwa wewe ukiwa umelala. Wote wana ushahidi. Kwa watu wengi wa huku kwetu mimi naona kundi la kwanza liko sahihi; kwa wachache, la pili. Kazi ni kujua hao wachache ni akina nani.

Kwa asiyeifuatilia: Twitter ilianza 2006 na herufi 140 tu, kwa sababu ilijengwa juu ya meseji ya kawaida ya simu, ambayo mwisho wake ni herufi 160, na 20 zikaachiwa jina la mwandishi. Novemba 2017 zikawa 280. Elon Musk akainunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai mwaka uliofuata akaiita X. Zipo nyingine za jamii hiyo, kama Threads na Bluesky, lakini huku mtu akisema "nimeiona kule", mara nyingi anasema X.

Kitu kilichozaliwa ndani ya meseji kingetufaa sana huku. Kingeweza kupita hata pale Makete ambapo simu inatafuta mtandao juu ya kichuguu. Lakini hicho siyo tunachopewa leo. Leo ukurasa unajaa video zinazoanza kucheza kabla hujaamua kuzitazama, na mabandiko hayafuati saa bali yanapangwa na mtambo unaopima ni kipi kitakuzuia usitoke. Ongeza VPN juu yake, inayokula chaji na kupunguza kasi. Halafu Julai 2023 X ilianza kuwagawia waandishi wenye tiki ya buluu sehemu ya mapato yake, na mgawo huo unategemea watu kusoma na kujibu. Hapo ndipo matusi yalipopata mshahara. Yule anayerusha kila mara utani mkongwe wa Wahehe na mbwa, au anayeandika jambo la kijinga kuhusu Wanyakyusa ili watu wa Tukuyu wachemke, hatafuti utani wala ukweli. Anatafuta majibu. Ukimjibu kwa hasira umemchangia, na bando ni lako.

Tuje kwenye biashara, maana huko ndiko watetezi wa X wanakopenda kuanzia. Mkulima wa viazi wa Isyonje, siku ya kuvuna, anahitaji kujua bei ya gunia Dar es Salaam asubuhi hiyo na ni dalali gani anakuja na gari. Habari hiyo haipo X. Ipo kwenye simu ya dalali, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa jirani aliyepakia jana. Nimeona vijana wakifundishwa kwenye semina kwamba wafungue kurasa X "kutafuta soko la mazao". Soko gani? Mama lishe wa Tandale anayenunua viazi hayupo kule, na mwenye lori hayupo kule.

Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ndiyo kesi inayoonyesha hili vizuri zaidi. Kwa mujibu wa vipimo vinavyokubalika, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kelele dhidi ya gunia lenye kilemba zimepigwa mitandaoni miaka nenda rudi, zikaungwa mkono, zikasambazwa, na viongozi wakapiga marufuku kwa nyakati tofauti. Pita barabara ya Uyole kwenda Tukuyu msimu wa viazi, vilemba bado vimesimama. Sababu ni kwamba lumbesa haiamuliwi Dodoma. Inaamuliwa kando ya shamba, kati ya mtu mwenye viazi visivyoweza kusubiri na mtu mwenye lori anayejua kwamba haviwezi kusubiri. Uandike uzi wa mabandiko arobaini, wale wawili hawausomi, na hata wakiusoma njaa ya mmoja na nafasi ya mwenzake haibadiliki.

Lakini chukua kero ya aina nyingine. Mtaa wa Isyesye, tuseme, bomba limepasuka na siku zinapita. Mwananchi amepiga namba ya huduma kwa wateja, amepewa namba ya taarifa, ameambiwa mafundi wako njiani. Akiandika X mtaa, tarehe na namba ile ya taarifa, akaitagi mamlaka ya maji pamoja na wizara, jambo hilo linabadilika sura. Anayejibu pale hamjibu mwenye kero peke yake. Anajibu huku akijua kwamba mkubwa wake anaweza kuwa anasoma, na mwandishi wa habari naye anasoma. Ofisini, kwenye benchi la kusubiri, hakuna mtu mwingine anayesikia. Mtaani hapo watu waliozoea kusema "ofisi hiyo haijibu" hushangaa kupigiwa simu mchana huo huo.

Tofauti ya bomba na lumbesa iko hapa: bomba lina mhusika mmoja anayejulikana na mwenye uwezo wa kulitengeneza. Ndiyo maana hata ile kampeni ya mwaka 2018 ilifanikiwa, ambapo watumiaji wa Kiswahili, waliochoshwa na Twitter kuyatambua maandishi yao kama Kiindonesia, walipiga kelele kwa pamoja kwa alama ya reli hadi kampuni ikakitambua Kiswahili. Kampuni moja, kosa moja, marekebisho ya upande mmoja. Mahali penye mhusika wa namna hiyo, herufi 280 zinatosha na saa uliyotumia haijapotea. Mahali ambapo tatizo limesambaa kwa watu elfu wenye maslahi yanayogongana, unajifurahisha tu.

Mbali na wenye kero ya namna hiyo, kuna kundi jingine ninalolitoa kwenye lawama: mwenye zao linalouzwa nje. Parachichi za Hass za Njombe na Rungwe zinashindana na za Peru, mmoja wa wauzaji wakubwa duniani, na bei inayotolewa shambani Uwemba inaathiriwa na makontena yaliyokwisha kufika Ulaya wiki hiyo. Wanunuzi na wachambuzi wa matunda huandika mambo hayo waziwazi kule, kwa Kiingereza na Kihispania. Ukiwa mkulima mwenye ekari kadhaa au katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kufuata akaunti chache za namna hiyo na kuzisoma kwa dakika kumi kunakupa cha kumwambia mnunuzi anapokuja na bei ya chini na hadithi. Nasisitiza akaunti chache. Wengi huanza na nia hiyo, na baada ya mwezi wanajua ugomvi wote wa wasanii wa Dar es Salaam na hawajui bei ya kontena.

Wengine wote watapata habari yao bila kuingia, na hili watetezi hawalisemi. Tangazo la mamlaka ya hali ya hewa kuhusu mvua za msimu, tamko la waziri, bei ya wakala wa hifadhi ya chakula, NFRA, kununua mahindi, yote yakishabandikwa hupigwa skrinishoti, yakashushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na asubuhi yakasomwa redioni. Mkulima wa Mbozi hapitwi na jambo zito kwa kutokuwa X. Anachelewa saa chache tu, na mahindi hayajali saa chache.

Ila skrinishoti hushuka ikiwa imepoteza vitu viwili: tarehe na mwandishi. Kitonga, ule mlima wa barabara kuu kabla ya Iringa, ni mfano. Lori likikata barabara kwenye kona zile, bandiko la abiria aliyekwama lina thamani kubwa kwa aliyepo Morogoro bado, kwa sababu anaweza kugeuza akapita Dodoma na Mtera hadi Iringa. Saa sita baadaye lori limeshaondolewa, lakini picha inazidi kuzunguka kwenye magrupu na mtu mwingine anaahirisha safari ya bure. Na kwenye ajali za Inyala na Iwambi mambo ni mabaya zaidi, maana ndugu huona mwili wa mtu wao kwenye simu kabla polisi hawajapiga hodi. Hilo halina upande wa pili wa kupimwa. Anayebandika picha za aina hiyo kwa ajili ya kiki hana utetezi.

Linabaki suala la mlango wenyewe. Mei 2025, baada ya akaunti ya X ya Jeshi la Polisi kuvamiwa, mtandao ule ukafungwa, na serikali baadaye ikaeleza kwamba sababu ni maudhui ya ngono, ambayo kweli X iliyaruhusu rasmi mwaka 2024. Sababu hiyo ina uzito, hasa kwa mzazi. Lakini tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka wenye kutumia VPN wajisajili, kwa hiyo yule wa Isyesye mwenye bomba lililopasuka hawezi kulalamika X bila kwanza kushughulikia usajili huo au kuuvunja, wakati viongozi na ofisi za umma wameendelea kubandika kule kule. Na kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, X na WhatsApp zikawa sawa.

Watu wa huku wako Facebook na WhatsApp. Ofisi inayojibu kero X ndani ya saa moja ina watumishi, ina simu na ina majibu tayari. Kuyabandika majibu hayo hayo Facebook, kwa Kiswahili kile kile, ni kazi ya dakika mbili. Mamlaka ya maji ikianza kufanya hivyo, sababu yangu ya kumshauri mtu wa Isyesye asumbuke na VPN itakuwa imekwisha, na X itabaki na wenye parachichi.