Fundi AC awe na namba, miezi 48 tuwaachie Texas

Joto la Houston mwezi wa nane ni lile la Dar ya Februari, tofauti hapa hakuna bahari ya kukupepea. AC ikizima mchana hubishani na mtu, unatafuta fundi. Gari lake likipaki, ubavuni utaona herufi TACL na namba. Hiyo ni leseni ya jimbo la Texas, na sheria inataka iandikwe pande zote mbili za gari, tena iwepo hata kwenye ankara. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya TDLR, idara ya leseni ya jimbo, utajua ni ya nani na kama bado iko hai.

Kuipata si mchezo. Miezi 48 ya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, mtihani, halafu bima: dola 300,000 kwa tukio moja kwa daraja A, dola 100,000 kwa daraja B linaloishia mitambo ya tani 25 za nguvu ya kupoza, siyo uzito. Kushika gesi ya kupozea kuna cheti chake kingine, cha serikali kuu, maana kuiachia hewani makusudi ni kosa.

Msidhani karatasi hizo zinaondoa tamaa. Kampuni moja yenye leseni safi iliniambia mtambo wangu umekufa, ninunue mpya. Fundi wa pili akafungua boksi la nje, akanionyesha kapasita, kile kikopo kinachosaidia mota kuwaka, imevimba kichwa, akabadilisha, feni ikazunguka. Kijana yeyote wa Kariakoo angeiona hiyo akiwa bado anatafuta bisibisi.

Kwetu Tanzania mikono tunayo, na VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wanafundisha. Shida yetu inaanza fundi akishaondoka. Split mpya, AC ya boksi moja ndani na moja nje, mabomba yake yanatakiwa kuvutwa hewa kwa pampu ya vakyumu. Wengi wanalegeza nati, wanafungua valvu kidogo, gesi inasukuma hewa nje, psss, kazi imekwisha, lete hela. Unyevu umebaki ndani, kompresa inakufa kabla ya siku zake. Unampigia: namba unayopiga haipatikani. Na split nyingi za siku hizi zinatumia R32, gesi inayoweza kushika moto, siyo ile R22 tuliyoizoea.

EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi umeme; CRB, bodi ya wakandarasi, inasajili wakandarasi. Lakini huyu anayening'inia ghorofa ya tatu kukufungia split, nani humuuliza leseni?

Miezi 48 ya Texas sitaki ije kwetu. Itawafukuza vijana wazuri kazini na kuwaachia soko wenye makampuni. Ninachotaka ni namba inayoweza kukaguliwa na bima, hata mafundi wakikata kwa kikundi. Waanze wenye maduka wanaouza split pamoja na ufundi: risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, umeshatoa, basi andika na jina la fundi aliyekwenda kufunga.